Popo, mlinzi wa usiku katika shamba la kakao

Ndugu wakulima, tukipita katika mashamba ya kakao upande wa Beni na Mambasa, tunasikia mara nyingi: «Popo ni wabaya, tuwachome moto.» Mbele ya kukata mti wanamolala, tuelewane kwanza.

Popo wako wa namna mbili. Wale wakubwa wanakula matunda. Wale wadogo, wengi wao wanakula wadudu: vipepeo vya usiku, mbu na wengine wenye mabawa. Kwa usiku mmoja, popo anaweza kula wadudu wa kufikia nusu ya uzito wake. Mchana ndege wanafanya kazi hiyo, usiku popo wanapokea zamu.

Je, faida inaonekana kwenye mizani? Kule Sulawesi, Indonesia, watafiti walifunika miti ya kakao kwa nyavu ili ndege na popo wasifike. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: mavuno yalishuka kwa 31 kwa mia. Ni kusema, pahali pa kupata kilo 100, mkulima anabaki na kilo 69. Hizo kilo 31 ndizo feza ya masomo ya watoto.

Tufanye nini?

1. Tuache miti ya kivuli, zaidi ile mizee yenye matundu. Tuache na migomba: kuna popo mdogo anayelala ndani ya jani changa la mgomba ambalo halijafunguka.

2. Tusipulize dawa kwa mazoea. Tukague miti kwanza, tupulize tu pale wadudu wamezidi.

3. Tusiwashike popo, tusiwale, wala tusiwafukuze kwa moshi. Tunda waliloling'ata tulitupe. Ebola ya 2018 hadi 2020 tunaikumbuka wote, na watafiti wanashuku kwamba popo wa matunda wanabeba virusi hivyo. Kumuacha popo juu ya mti wake ndiyo kujikinga.

Lakini popo si dawa ya yote. Matunda ya kakao yanayokuwa meusi na kuoza, huo ni ugonjwa, si wadudu. Unataka tupunguze matawi ili hewa ipite, na tuondoe matunda yaliyooza kila juma.

Popo kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu. Tukiua kundi leo, halirudi msimu ujao. Katika mkutano wa koperative unaokuja, kila mmoja aseme: kwake shambani popo wanalala wapi? Tuandike miti hiyo, tukubaliane isikatwe.