Jipu la Chesi au Jipu Dogo: Kuchagua Gari la Milima ya Kigali

Magari ya juu yanayouzwa Kigali ni ya aina mbili, na tofauti yao iko chini ya sakafu. Aina ya kwanza imejengwa juu ya chesi: mihimili miwili ya chuma inayobeba injini, giaboksi na matairi, kisha bodi ikafungwa juu yake kwa bolti. Humo wamo Toyota Land Cruiser Prado, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Suzuki Jimny. Aina ya pili haina chesi ya peke yake; bodi na fremu ni kitu kimoja kama kwenye gari la kawaida la saluni, ila limeinuliwa. Hizo ni RAV4, Hyundai Tucson, Kia Sportage, Suzuki Vitara na jamaa zao. Ukubwa haugawanyi makundi haya. Jimny ya milango mitatu ina urefu wa mita 3.65 tu na bado ni gari la porini kamili, wakati RAV4 iliyotoka kuanzia 2019 ina upana wa sentimita 185, pungufu ya Prado ya mfululizo wa 150 kwa sentimita tatu hivi. Anayenunua RAV4 akidhani atapita kirahisi kwenye vichochoro vya Nyamirambo atakuta anabana vioo vilevile ambavyo angevibana kwenye Prado.

Swali la kwanza la mnunuzi lihusu barabara, na Rwanda barabara zimebadilika kuliko mazungumzo ya magari yalivyobadilika. Kutoka Kigali lami inafika Rubavu kupitia Musanze, inafika Rusizi kwa kupenya msitu wa Nyungwe, inafika Rusumo, Kagitumba, Gatuna na Nemba. Kandokando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Karongi na kushuka Rusizi, safari iliyokuwa ya vumbi na matope sasa ni ya kona na mandhari. Anayesafiri kati ya miji hana sababu ya kubeba chesi. Tena mwendo wa juu kabisa kwenye barabara kuu ni kilomita 80 kwa saa, sehemu nyingi ni 60, na kamera ambazo wenyeji wamezibatiza Sofia hazitofautishi injini ya lita nne na ya lita moja na nusu.

Lami inaisha kwenye mita mia chache za mwisho. Ndani ya Kigali kwenyewe, mitaa mingi ya makazi inaachana na barabara kuu na kupanda kwa udongo mwekundu au mawe yaliyopangwa, huku pembeni kukiwa na mtaro wa mawe wenye kina cha kumeza tairi zima. Machi hadi Mei, mvua za masika (itumba kwa Kinyarwanda) zinapopiga, udongo ule huteleza kama sabuni iliyolowa. Hapo ndipo uamuzi wa gari unapopatikana: mnunuzi aende kwenye geti la nyumba yake mwezi wa Aprili, saa moja baada ya mvua, aone magari ya majirani yanavyopanda. Ikiwa saluni za chini zinafika, jipu dogo litafika bila jasho. Ikiwa majirani wanaacha magari chini na kumalizia kwa miguu, mazungumzo ni mengine.

Kinachopandisha gari kwenye mteremko wa utelezi ni vitu vitatu, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni tairi. Tairi la lami lililokwisha meno litaishinda hata Land Cruiser, na jipu dogo lenye matairi mapya ya njia zote, yale yenye vipande vikubwa na mifereji mipana, huwaaibisha wengi. Hapa ndipo fedha ya kwanza iende, kabla ya taa za ziada na ngazi za pembeni. Cha pili ni magurudumu manne kuvuta. Majipu madogo mengi huvuta kwa magurudumu ya mbele, ya nyuma yakiitwa pale tu ya mbele yanapoteleza. Mtambo unaoyaita umeundwa kwa utelezi wa muda mfupi, na ukihangaishwa kwenye tope refu hupata joto na kujizima. Mnunuzi ahakikishe pia kwamba gari analotazama linavuta kwa manne kweli, maana RAV4, Tucson na Sportage zote zimeuzwa pia zikivuta kwa mbele tu, na kwa nje huwezi kuzijua.

Cha tatu ni gia nzito, na hiki ndicho kinachotenganisha makundi mawili. Prado na Jimny zina boksi la ziada linalopunguza mwendo: Jimny mara mbili, Prado zaidi ya mara mbili na nusu. Watu huifikiria kwa kupanda, lakini kwa milima ya Rwanda faida yake kubwa ni kushuka. Gari linatambaa likishikwa na injini, breki zikipumzika. Kwenye njia ya mawe ya volkano inayopanda kutoka Kinigi hadi mwanzo wa msitu wa sokwe, au kwenye mashamba ya chai yenye miteremko mikali, hili si anasa. Kwenye lami, hata Buranga kule Gakenke ambako malori yameanguka mara nyingi, gia ya pili ya kawaida inatosha kwa gari dogo lililotunzwa breki.

Kimo cha kutoka ardhini hutajwa sana na wauzaji, ingawa tofauti yake ni ndogo: Jimny milimita 210, Prado kama 215 hadi 220, na majipu madogo ya kisasa mengi kati ya 170 na 200. Kinachogusa kwanza ni pua. Nyumba za Kigali zimejengwa kwenye miteremko, na njia za kuingilia zimejikunja ghafla. Bampa refu la jipu la mjini hukwaruza pale ambapo Jimny, yenye pua fupi na pembe ya kukabili ya nyuzi 37, haigusi chochote.

Kuna jambo ambalo wanunuzi kutoka pwani husahau. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Prado ya petroli ya lita 2.7, ambayo kwenye usawa wa bahari tayari haina haraka, ikipakiwa watu saba na mizigo kuelekea Nyungwe, karibu mita 2,500, hupanda ikinung'unika na kunywa. Dizeli yenye tabo haijali sana. Anayetaka Prado kwa ajili ya milima achukue dizeli. Ile ya petroli ni ya Dubai, mahali tambarare.

Dubai inatajwa kwa sababu nyingine pia. Rwanda huendesha upande wa kulia, na magari ya abiria yenye usukani wa kulia hayaruhusiwi kuingizwa kwa ajili ya kusajiliwa. Kwa hiyo soko la mitumba ya Japani linalolisha Dar es Salaam, Mombasa na Kampala halimsaidii mtu wa Kigali. Magari yake hutoka Ulaya, Falme za Kiarabu na Korea, na ndiyo maana Tucson, Santa Fe na Sportage ni nyingi barabarani. Bei nzuri ya Jimny iliyoonekana kwenye mnada wa Japani haina maana. Usukani uko upande usiofaa.

Kodi nayo imechora mstari wake, usiofuata ule wa chesi. Mbali na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa umegawanywa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 chini ya sisi 1,500, asilimia 10 hadi sisi 2,500, asilimia 15 zaidi ya hapo. Jimny ya sisi 1,462 inaangukia daraja la chini, RAV4 ya 1,987 au 2,487 daraja la kati, na Prado zote za 150, kuanzia 2.7, daraja la juu. VAT huhesabiwa juu ya ushuru huo, hivyo pengo linapanuka. Haibridi zilisamehewa kodi mwaka 2021, ndipo RAV4 haibridi zikajaa mjini. Tangu mwaka wa fedha 2025/26 msamaha huo umepunguzwa, na ushuru wa haibridi unapanda kadiri gari linavyozeeka.

Hata bila msamaha, haibridi inaendana na Kigali kuliko mnunuzi anavyodhani. Kila mteremko unarudisha umeme kwenye betri, na foleni ya Nyabugogo haichomi mafuta. RAV4 haibridi hutumia lita 5 hadi 6 kwa kilomita 100. Ya petroli ya kawaida 9 au 10. Prado ya dizeli 10 au zaidi, ya petroli 13 na kupanda. Bei ya mafuta hutangazwa na RURA, mamlaka ya udhibiti ya Rwanda, na kila tangazo la kupanda humuuma mwenye Prado maradufu. Adui wa haibridi ni vumbi: betri hupumua kupitia tundu lililo chini ya kiti cha nyuma, na chujio lake likijaa udongo mwekundu betri huchemka. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache ambayo wengi hawajui kuwa ipo.

Inabaki hoja ya "je, nikienda Akagera?" Swali ni halali, lakini safari yenyewe hutokea mara chache kwa mwaka. Kiangazi, njia kuu za hifadhi hiyo ya wanyama zinapitika kwa jipu dogo lenye matairi mazuri. Masika, kukodi Land Cruiser pamoja na dereva kwa siku mbili ni nafuu kuliko kulisha chesi ya tani mbili mwaka mzima. Na kuna masika ambayo hata chesi haisaidii: usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mvua za Magharibi na Kaskazini ziliua watu zaidi ya 130 na kuangusha vilima barabarani. Prado na Tucson zilisimama foleni moja.

Anayestahili chesi ni yule ambaye kazi yake iko nje ya lami kila wiki: mhandisi wa miradi ya maji, daktari wa mifugo wa Nyagatare, mwenye shamba la kahawa juu ya Kivu, mwongoza watalii. Anayependa Prado kwa heshima yake ainunue pia, fedha ni zake, ila asiseme ni kwa sababu ya barabara.

Kabla ya kulipa, kila aina ina mtihani wake. Jimny iwekwe kwenye gia nzito juu ya changarawe, kamwe si kwenye lami kavu ambako magurudumu manne hujikaza na kuumiza mtambo. Wenzo ukigoma kuingia, huenda haujaguswa kwa miaka. Prado iinuliwe kwa jeki chesi itazamwe kutu, hasa iliyotoka Ulaya ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi, na moshi wake uangaliwe injini ikiwa ya moto, kwa kuwa tangu 2025 upimaji wa hewa chafu ni wa lazima na dizeli kuukuu ndizo za kwanza kuanguka. Jipu dogo liendeshwe kwa mzunguko mdogo usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Mlio wa kugongagonga unaonyesha viungo vya ekseli vimelika. Kisha lipelekwe kituo cha ukaguzi cha Polisi Remera kabla ya kubadilisha jina, muuzaji akiwepo, ili kasoro za breki na shokapu zitakazoandikwa kwenye karatasi zikatwe kwenye bei.