SOMO LETU: MRUTUTU UNA MAJI NDANI YAKE

Wengi wetu tunaolima nyanya na viazi tunaujua mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo pia huitwa kopa salfeti. Tunauchanganya na chokaa ili kuzuia ukungu unaokausha majani. Leo tujifunze jambo moja juu yake.

Maji yako wapi?
Ukiushika mrututu ni mkavu kabisa. Lakini kila chembe moja ya chumvi hiyo imefungana na chembe tano za maji. Katika kilo 1, gramu 360 hivi ni maji na gramu 640 ndizo chumvi yenyewe. Maji hayo ndiyo yanaupa rangi ya buluu.

Joto linafanya nini?
Ukipashwa moto maabara, maji hayatoki yote mara moja. Joto likifika kama nyuzi 110 za Selsiasi, chembe nne zimeshatoka. Ya tano inang'ang'ania mpaka karibu nyuzi 200. Kinachobaki ni unga mweupe. Ukiudondoshea maji, unarudi kuwa buluu na kutoa joto.

Inatuhusu vipi shambani?
Mrututu ukiachwa wazi mahali pakavu penye joto, huanza kupoteza maji polepole na kufanya unga mweupe juu. Sasa, dawa ya kawaida ni kilo 1 ya mrututu wa buluu, kilo 1 ya chokaa na lita 100 za maji. Mtu akipima kilo 1 ya unga mweupe uliokauka kabisa, ameweka nguvu ya zaidi ya kilo 1 na nusu ya ule wa buluu. Dawa itakuwa kali kuliko ilivyokusudiwa, na majani yanaweza kuungua. 

Kwa hivyo tufanye haya:
1. Tununue mrututu ulio buluu, tuufunge vizuri kwenye chombo cha plastiki, mbali na watoto.
2. Tusiukaange jikoni. Ni sumu.
3. Tusichanganyie kwenye ndoo ya chuma. Mrututu hula chuma.
4. Mabaki tusimwage mtoni. Yanaua samaki.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
(a) Kilo 2 za mrututu wa buluu zina gramu ngapi za maji?
(b) Kwa nini kupima kwa mizani peke yake hakutoshi?