Somo: Simu Hukaguaje Sahihi?

Ndugu wanakikundi wa Kisii na Nyamira, mweka hazina akileta vocha tunatazama sahihi kwanza, sivyo? Basi, programu za simu nazo hutiwa sahihi.

Mtengenezaji ana funguo mbili zinazoendana. Ule wa siri hufichwa. Ndio hutia sahihi. Ule wa wazi huambatana na programu, na simu ya Android huutumia kukagua. Mtu akibadilisha hata herufi moja, sahihi haipatani tena, na simu hukataa kuiweka.

Lakini tusilale. Tapeli naye anaweza kujitengenezea funguo zake. Sahihi inaonyesha programu haikuguswa tangu itiwe sahihi. Haituambii kama mwenyewe ni mwaminifu.

Tena, SMS ya pesa haina sahihi ya namna hii. Ukiuza ndizi Daraja Mbili, usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe tu. Angalia salio lako kwanza.

Tujadiliane:
1. Programu tunayowekea akiba ya kikundi tuliipata wapi: Play Store, au tulitumiwa na mtu kwa WhatsApp?
2. Kwetu, nani hukagua salio kabla mzigo haujaondoka?