Je, Tubadilishe Injini ya Land Rover Kuukuu?



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali lisilopata nafasi ya kujibiwa sawasawa. Pikapu ya chama, Land Rover 109 ya petroli, inakula mafuta na kutoa moshi. Je, tuing'oe injini yake tutie ya dizeli ya Kijapani? Mwenzetu mmoja aliyefanya kazi Kibondo alisema kwamba huko na Kasulu ameyaona magari kama hilo letu yaliyofanywa hivyo, na yanakwenda. Twaona yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana fedha zitakazotumika ndizo zile zile za kulipia wachumaji msimu ukifika.

Kwanza tuwaelewe watu wa Kibondo na Kasulu. Wilaya hizo ziko katika mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000. Injini ya petroli ya Land Rover hizo za zamani, yenye ujazo wa lita 2.25, ina nguvu za farasi 70 na kitu tu. Punguza sehemu moja katika kumi, pakia magunia ya maharage, kisha panda mlima wenye tope jekundu. Hapana shaka na wewe ungetafuta injini nyingine. Tena toka Kasulu mpaka Kibondo ni zaidi ya kilometa 100, kwa hiyo akiba ya mafuta huonekana upesi.

Sisi je? Visiwa vyetu havina kilima cha kufika meta 150. Safari zetu ni fupi, na gari hufanya kazi nzito miezi michache ya mavuno. Akiba ile ile kwetu huenda ikachukua misimu mingi kurudisha gharama.

Tena adui wa gari la kisiwani si mlima, ni chumvi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari huonekana zima hata likiwa limekwisha. Chesisi ni ya chuma, na kutu huila kwa ndani. Mtu alale chini na nyundo ndogo, agonge toka mbele hata nyuma, na zaidi pale zinaposhikia springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu. Ikiwa chesisi imeoza, kutia injini mpya ndani yake ni sawa na kuezeka makuti mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa.

Chesisi ikiwa nzima, tuitazame injini iliyopo. Moshi mweusi huenda ni kabureta au chujio la hewa tu, kazi ya mchana mmoja. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili: ringi au vali zimechoka. Fundi apime kompresheni ya kila silinda kabla ya kutuambia habari ya kununua. Injini ikiwa imepasuka, hapo ndipo shauri la dizeli lina maana.

Na fundi akitaja bei ya injini, aulizwe pia bei ya vitu vitakavyoifuata: vishikizo vya injini, klachi, rejeta, na kuiunganisha na giaboksi. Ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zinajulikana kwa kukatika, na injini yenye nguvu zaidi huzikata mapema zaidi. Breki nazo zitabaki zile zile.

Kazi hii isianzwe msimu umekaribia. Karafuu mbichi zikilala katika lundo kwa kukosa gari hupata moto na kuwa mpeta, na mpeta haupati bei. Kumbukeni pia kwamba kilo tatu mbichi hutoa kilo moja hivi iliyokauka. Mzigo mzito ni ule wa shamba mpaka uwanja wa kuanikia, nao ni mwendo mfupi.

Mwisho, namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Atakayetuletea injini alete na hati zake za kununulia, ili kadi ibadilishwe na bima ijulishwe kabla gari halijarudi barabarani.

Katibu