Kumuuguza mgonjwa wa tezi: kazi inayoanzia mlangoni pa hospitali

Wengi wetu tunaofanya kazi Nairobi, Mombasa au Eldoret tuna mzazi nyumbani mashambani. Hebu tuseme siku moja simu inalia kutoka Funyula, kaunti ya Busia: "Mama ametoka hospitali. Wamesema ni sukari, na wametupa sindano za kumdunga asubuhi na jioni." Swali la kwanza la mtu wa mjini huwa ni pesa. Ni swali la haki, lakini liko la pili lililo zito zaidi: nani atamdunga? Mara nyingi ni mke wa mwana, au mjukuu aliye shuleni, ambaye hakuwahi kushika sindano maishani mwake. Huyo ndiye muuguzi wa kweli, na somo letu la leo ni lake na lako wewe unayemtumia dawa.

Tezi na homoni ni nini?

Mwilini mna tezi zinazotengeneza kemikali ziitwazo homoni na kuzimimina moja kwa moja katika damu. Homoni ni kama tarishi wa ofisi: hubeba ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Tarishi asipofika, kazi hulala. Wakizidi, ofisi nzima huvurugika. Leo tutaangalia tezi tatu ambazo matatizo yake huuguzwa sana nyumbani: kongosho, tezi ya shingo, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo.

1. Kongosho na ugonjwa wa kisukari

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, nalo hutoa insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli na viungo vingine. Kabla ya 1922, mtoto ambaye kongosho lake liliacha kutoa insulini hakuwa na matumaini. Januari mwaka huo, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini, naye akapata nafuu. Tangu hapo uhai wa wagonjwa wengi umekuwa mikononi mwa yule anayeitunza dawa hiyo na kuidunga.

Kuhifadhi insulini. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8, lakini mbali na barafu. Insulini iliyoganda hutupwa, hata kama imeyeyuka tena. Je, nyumba isiyo na jokofu ifanyeje? Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti uliofuata joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, hapa hapa Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu kwa wiki 4. Basi mgonjwa wa Funyula asikate tamaa. Chukua vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji mchanga huo kila siku, kisha funika kwa kitambaa kibichi. Weka kivulini panapopita upepo. Kichupa kiwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na tarehe ya kukifungua iandikwe juu yake.

Wewe unayetuma kichupa kwa basi, usikubali kiwekwe mbele ya kioo cha dereva au juu ya paa. Na ukinunua mahali papya, iwe upande wa Kenya au ng'ambo ya mpaka pale Busia na Malaba, nenda na kichupa cha zamani ulinganishe jina, aina na nguvu ya dawa. Insulini iliyo safi kama maji na ile yenye ukungu hazifanyi kazi kwa namna moja.

Kudunga. Nawa mikono. Ile yenye ukungu, iviringishe taratibu kati ya viganja, usiitikise. Dunga tumboni, vidole viwili mbali na kitovu, au pajani, na badilisha mahali kila mara ili ngozi isifanye vinundu. Sindano ya mgonjwa mmoja isitumiwe na mwingine kamwe. Zilizotumika ziwekwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto, na zirudishwe kliniki.

Sukari ikishuka. Hapa ndipo watu hupoteza ndugu zao. Mgonjwa aliyedungwa insulini, au aliyemeza baadhi ya vidonge vya kisukari, asipokula kwa wakati hutetemeka, hutoka jasho baridi, huona njaa kali, kisha huanza kusema ovyo. Jirani atasema amelewa. Mwingine atasema ni malaria iliyopanda kichwani, maana huku karibu na ziwa malaria ni nyingi. Ukiwa na mashine ya kupimia, pima: chini ya 4 ni hatari. Kama huna mashine, usingoje. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari. Baada ya dakika 15 pima tena; kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula. Lakini akiwa amezimia, usimtie chochote cha kunywa mdomoni, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitalini.

Sukari ikipanda mno. Dalili zake ni kiu, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Mara nyingi huanza mgonjwa anaposhikwa na homa, akashindwa kula, na jamaa wakasema, "Hajala, basi tusimdunge." Kosa hilo limeua watu. Usisimamishe insulini kwa uamuzi wako mwenyewe. Pima sukari, mpe maji, piga simu kliniki, na akiwa anatapika mpeleke siku hiyo hiyo. Kipimo cha dawa huenda kikabadilishwa, lakini atakayekibadilisha ni daktari.

Chakula na miguu. Wako wanaoamini kwamba ugali mweusi wa muhogo na mtama, ule unaopendwa sana Busia, hauna sukari. Sivyo. Muhogo ni wanga kama mahindi. Mgonjwa anaweza kuula, ila kwa kiasi: ugali robo ya sahani, samaki au maharagwe robo, na mboga za majani nusu nzima. Kila jioni mwoshe miguu, mkaushe katikati ya vidole na uitazame kwa mwangaza. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba wala moto, kwa hiyo asitembee pekupeku wala asiote moto jikoni kwa kuinyoosha miguu karibu na mafiga.

2. Tezi ya shingo

Tezi hii huhitaji madini ya ayodini. Yakikosekana huvimba, na uvimbe huo huitwa rovu. Kenya iliamuru chumvi itiwe ayodini mwaka 1978, basi nunua chumvi ya pakiti na uihifadhi katika chombo chenye kifuniko. Muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri huweza kuzidisha tatizo pale ayodini inapokuwa haba. Ndiyo maana desturi ya wazee ya kuumenya, kuuvundika au kuuloweka, kisha kuuanika, ni desturi ya kushikwa.

Tezi ikifanya kazi kupita kiasi, mgonjwa hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na hawezi kuvumilia joto. Mpatie chumba chenye hewa, chakula cha kutosha na utulivu. Usimgombeze kwa hasira zake, kwani nazo ni sehemu ya ugonjwa. Kama anameza kabimazoli, kisha akapata homa na maumivu ya koo, asimeze kidonge kingine. Aende hospitali siku hiyo apimwe damu, kwa sababu dawa hiyo huweza, kwa watu wachache, kupunguza chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa.

Tezi ikilegea, mgonjwa huhisi baridi, huchoka, hunenepa, hufunga choo na huwa mzito wa mawazo. Jamaa humwita mvivu. Kidonge chake humezwa asubuhi kwa maji matupu, angalau nusu saa kabla ya chai ya maziwa, na si pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Aliyepasuliwa rovu akirudi nyumbani, angalia mambo mawili: shingo kuvimba na pumzi kuwa ya shida, au midomo na vidole kuwashawasha na misuli kukakamaa. Lolote kati ya hayo ni la kukimbilia hospitali, hata kama ni usiku.

3. Tezi zilizo juu ya figo

Hizi hutoa homoni inayotusaidia kustahimili ugonjwa na mshtuko. Dawa kama predinisoloni na deksamethasoni hufanana na homoni hiyo. Zikitumiwa kwa wiki nyingi, tezi zenyewe hulala. Ukiziacha ghafla, mwili hubaki bila kinga: mtu hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kufa. Wako wanaozinunua dukani ili wanenepe. Huo ni mchezo wa hatari. Aliyeandikiwa na daktari azipunguze kama alivyoelekezwa, na kila anapotibiwa aseme kwamba anazitumia.

Kwa wewe uliye mjini

Ukipiga simu nyumbani wiki hii, usiishie kuuliza, "Mama anaendeleaje?" Uliza: Amekula saa ngapi? Kichupa kilifunguliwa tarehe ngapi? Miguu imetazamwa jana? Sukari iko wapi ikiwa ataanza kutetemeka usiku? Na mwulize anayemuuguza kama naye amelala. Wengi hufanya kazi hii miaka mingi pasipo kuambiwa asante.

Jipime

1. Kwa nini mgonjwa aliyezimia hapewi maji ya sukari?
2. Insulini iliyoganda ifanywe nini?
3. Ni dalili gani zinazomtaka anayemeza kabimazoli aende hospitali mara moja?

Kata ukurasa huu uubandike ukutani, au umtumie anayemuuguza mgonjwa wako. Majibu yote yamo ndani yake.