Sungura Aseme kwa Lafudhi ya Nani? Uteuzi wa Sauti katika Katuni Zilizofufuliwa na Kiswahili cha Kisarawe

1.0 Utangulizi

Mhusika wa katuni hujulikana kwa mambo mawili: umbo lake na sauti yake. Umbo hutoka katika kalamu ya mchoraji, na laweza kurekebishwa mara nyingi bila hadhira kutaharuki. Sauti haiko hivyo. Mtoto aliyemzoea mhusika kwa sauti fulani humwona mgeni pindi sauti hiyo inapobadilika, hata kama umbo limebaki lile lile. Ndiyo maana kila katuni ya zamani inapofufuliwa, watayarishaji hulazimika kuamua mapema ni nani atakayesema.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa upande wa Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika Kiswahili, kuteua sauti ni kuteua lafudhi, na kuteua lafudhi ni kugawa hadhi miongoni mwa wasemaji. Mazingira yatakayorejelewa ni Kurui, kata mojawapo ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Kurui haikuchaguliwa kwa kuwa ni kituo cha utayarishaji wa filamu. Imechaguliwa kwa kuwa wenyeji wake, yaani Wazaramo, wamo katika hali ya pekee: mji wa Dar es Salaam umekua juu ya ardhi ya Wazaramo, lakini Kiswahili cha Mzaramo wa shamba hakihesabiwi kuwa ndicho Kiswahili cha Dar es Salaam. Yasemwayo hapa kuhusu Kurui yanavihusu pia vijiji vingi vya Kibaha.

2.0 Bata wa Uskoti

Ni vema kuanza na kisa cha mbali ambacho kinalionyesha tatizo waziwazi. Katuni ya Kimarekani iitwayo DuckTales ilitolewa kati ya mwaka 1987 na 1990, kisha ikafufuliwa mwaka 2017 na kuendelea hadi 2021. Mhusika wake mkuu ni Scrooge McDuck, bata tajiri na bahili aliyebuniwa na mchoraji Carl Barks mwaka 1947. Kwa mujibu wa hadithi, bata huyu ni mzaliwa wa Glasgow. Katika katuni ya awali sauti yake ilitolewa na Alan Young, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza na kuishi Edinburgh utotoni kabla ya kuhamia Kanada. Young alifariki mwaka 2016. Katika katuni mpya nafasi hiyo alipewa David Tennant, Mskoti wa kuzaliwa.

Uteuzi huo una maana kubwa kuliko kumpata tu mtu wa kuziba pengo. Watayarishaji wangeweza kumtafuta mwigaji hodari wa sauti ya Young, kwa kuwa hadhira ya zamani ilikwisha kuizoea. Badala yake lafudhi ilirudishwa kwa mwenyewe. Uaminifu kwa sauti iliyozoeleka ukawekwa chini ya uaminifu kwa asili ya mhusika.

Badiliko la pili katika katuni hiyo hiyo linamhusu zaidi mchambuzi wa fasihi simulizi. Wajukuu watatu wa Scrooge, Huey, Dewey na Louie, katika katuni ya 1987 walisemewa na mtu mmoja tu, Russi Taylor, ambaye pia alimsemea msichana Webby. Sauti za ndugu hao watatu zilifanana kiasi kwamba msikilizaji aliyefumba macho asingeweza kuwatofautisha. Mwaka 2017 kila mmoja alipewa mwigizaji wake: Danny Pudi, Ben Schwartz na Bobby Moynihan. Kwa kupewa sauti tatu, watoto hao walipata tabia tatu. Hapa inadhihirika kwamba sauti si pambo linalobandikwa juu ya mhusika aliyekwisha kukamilika. Sauti ni sehemu ya ujenzi wake.

Donald Duck, kwa upande mwingine, alibaki na Tony Anselmo, ambaye ndiye aliyemsemea katika katuni ya awali. Sababu ni dhahiri. Sauti ya Donald si lafudhi ya mahali popote. Ni ala ya pekee, na ala hairithiwi ovyo.

3.0 Mtambaji mmoja, sauti nyingi

Yafaa kukumbuka kwamba mfumo wa sauti moja kwa wahusika wengi, ambao kwa katuni ya kisasa unaonekana kuwa umepitwa na wakati, ndio mfumo wa asili wa ngano. Bibi anayetamba ngano kwa wajukuu wake hana kundi la waigizaji. Yeye mwenyewe ndiye Sungura, ndiye Fisi, ndiye Simba, na ndiye msimulizi anayewaunganisha. Hubana koo, huvuta maneno, huharakisha, hunong'ona, kisha hurejea katika sauti yake ya kawaida ili hadhira ijue kwamba mnyama amekwisha kusema. Mpaka kati ya mhusika na mhusika huwekwa kwa kiimbo na kasi. Hauwekwi kwa kubadili koo.

Mfumo huo haukufa ilipokuja redio. Katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kilichoendeshwa na Deborah Mwenda, watoto wengi wa Tanzania waliisikia ngano kwanza kwa sauti ya mama mmoja ambaye hawakupata kumwona uso. Wala haukufa ilipokuja video. Wasimulizi wa filamu wa Dar es Salaam, maarufu miongoni mwao akiwa Derek Mukandala aliyejulikana kama Lufufu, walizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, mtu mmoja akiwasemea wote: shujaa, adui, mama mkwe na polisi. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hiyo kwa undani, anaonyesha kwamba msimulizi wa aina hii hakuwa mfasiri tu. Alifafanua, aliongeza chumvi, na aliileta filamu karibu na maisha ya watazamaji wake. Kwa istilahi za fasihi simulizi, Lufufu alikuwa mtambaji aliyepewa picha za watu wengine.

Faida ya mfumo huu kwa suala linalojadiliwa hapa ni moja, na ni kubwa. Mtambaji mmoja huwagawia wahusika wote lafudhi yake. Fisi wa bibi wa Kurui ni Mzaramo, na Sungura wake pia ni Mzaramo. Ujinga na ujanja vyote hutoka katika lafudhi moja, kwa hiyo lafudhi yenyewe haipati lawama wala sifa. Mara tu kila mnyama anapopewa mwigizaji wake, usawa huo huvunjika. Sasa lazima mtu aamue ni mnyama yupi atasema Kiswahili cha namna gani.

4.0 Wanyama wa hapa, sauti za kwingine

Uamuzi huo umekuwa ukifanyika nje ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ilichota majina yake mengi katika Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Maneno hayo yalitamkwa zaidi na Wamarekani. Rafiki, nyani mwenye hekima ambaye ndiye msemaji hasa wa Kiswahili katika filamu hiyo, alisemewa na Robert Guillaume. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, James Earl Jones peke yake ndiye aliyerejea katika nafasi yake ya zamani, ya Mufasa. Rafiki alipewa John Kani wa Afrika Kusini, na Shenzi alipewa Florence Kasumba, mwigizaji wa Kijerumani aliyezaliwa Kampala.

Mtu anaweza kuuona uteuzi huo kuwa hatua ya kuirudisha sauti Afrika. Ni hatua, ila Afrika si lafudhi. Kani ni mwigizaji mahiri ambaye Kiingereza chake kimebeba asili yake ya Afrika Kusini. Kiswahili cha Rafiki hakikupata mwenyewe kwa sababu hiyo. Aidha, msemaji wa Kiswahili humsikia fisi akiitwa kwa shina la neno mshenzi, tusi lenye historia chungu katika pwani hii, bila filamu kuonyesha dalili ya kuusikia uzito wake. Lugha inapotumiwa kama rangi ya mandhari, maana zake huachwa mlangoni.

Mfano wa Tinga Tinga Tales uko karibu zaidi. Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa mwaka 2010, ikichorwa Nairobi kwa mtindo wa picha ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Visa vyake ni vya jadi: kwa nini mnyama fulani yuko jinsi alivyo. Rangi ilitoka Tanzania, kazi ya uhuishaji ikafanyika Kenya, lakini wanyama walisema Kiingereza, kwa kuwa soko lililokusudiwa lilikuwa la watoto wa Uingereza na Marekani.

Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa na TBC1 mwaka 2014, iligeuza mwelekeo huo. Hii ni kazi iliyotayarishwa Dar es Salaam, ikasemwa kwa Kiswahili, na baadaye ikaingiziwa sauti za lugha nyingine, kama vile Kifaransa, Kihausa na Kinyarwanda. Kwa mara hii Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kutoka. Watayarishaji hao hao walifuatisha Akili and Me, ambayo mhusika wake ni mtoto wa kike wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Kutia sauti kwa Kiswahili nako kumekwisha kuwa kazi ya mshahara: mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti nchini Tanzania, na washindi wakapelekwa Beijing kuzitia sauti tamthilia za Kichina.

5.0 Kiswahili sanifu na masikio ya Kurui

Hata hivyo, kupata Kiswahili si kumaliza tatizo. Swali linalofuata ni Kiswahili kipi. Tangu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, usanifishaji umesimama juu ya Kiunguja, na vyombo vya utangazaji vimekuwa walinzi wa matamshi yake. Kiswahili cha katuni za elimu ni mtoto wa mapokeo hayo, akiwa ameongezewa wepesi wa vijana wa Dar es Salaam.

Kizaramo kimewekwa na Guthrie katika kundi la G30 pamoja na Kikwere, Kikutu na Kiluguru. Lugha hizi hazina kwa asili vikwamizo dh, th na gh vilivyoingia Kiswahili kutoka Kiarabu. Msemaji aliyelelewa katika mazingira hayo huelekea kusema zahabu, gali na samani pale sanifu inapotaka dhahabu, ghali na thamani. (Kwamba samani ni neno lenye maana yake kamili, vyombo vya nyumbani, ni chanzo cha utani usiokwisha.) Lakini matamshi haya hayamtofautishi mtu wa Kurui na mkazi wa Manzese au Mbagala, ambaye naye husema hivyo hivyo. Kinachomtambulisha ni kiimbo, ving'ong'o vyenye pumzi kama kile kinachoandikwa ng'h katika jina nyang'hiti, na namna ya kuivuta silabi ya mwisho anaposhangaa. Kwa maneno mengine, kinachomtambulisha ni yale yasiyoandikika, ambayo ndiyo hasa mwigizaji wa sauti hufanyia kazi.

Katika vichekesho vya redio na televisheni nchini, lafudhi za namna hii zimepewa kazi moja: kuchekesha. Mlinzi wa geti, mganga wa uongo, mjomba aliyetoka shamba, hawa ndio husema kwa lafudhi iliyo wazi. Daktari, mwalimu na kijana anayependwa husema sanifu. Iwapo mgawanyo huu utahamishiwa katika katuni za ngano zinazofufuliwa, matokeo yake yanatabirika. Sungura mwerevu atasema kama mtangazaji wa taarifa ya habari, naye Fisi mlafi atasema kama mtu wa Kisarawe. Mtoto wa Kurui atakuwa amefundishwa, bila neno lolote la matusi kutamkwa, kwamba babu yake ni Fisi.

Pingamizi la watetezi wa sanifu lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Katuni inayofundisha hesabu lazima ieleweke Bukoba, Mtwara na Pemba kwa pamoja, na mtoto anayejifunza kuandika hapaswi kuchanganywa baina ya thamani na samani. Kwa katuni za darasani hoja hiyo yatosha. Lakini ngano haifundishi tahajia. Zaidi ya hayo, pingamizi hilo linachanganya lafudhi na msamiati: Scrooge wa Tennant hueleweka na watoto wa Marekani ambao hawajapata kufika Uskoti, kwa kuwa maneno yake ni ya kawaida, na kilicho cha Kiskoti ni mlio.

Njia iliyo wazi kwa watayarishaji ni kumpa Sungura, na si Fisi, sauti ya mtu aliyekulia Kurui, Maneromango au Mzenga, huku msimulizi akibaki na Kiswahili sanifu kinachomshika mkono msikilizaji wa mbali. Mwigizaji wa mjini aliyeagizwa kuiga hatoshi, kwani mwigaji wa lafudhi huchukua alama zinazochekesha na kuziacha zile za kawaida. Fisi naye apewe kasoro za kiutendaji, kama mtambaji afanyavyo: pumzi fupi ya mlafi, au haraka ya kumeza maneno. Nyimbo za ndani ya ngano, ambazo mara nyingi huhifadhi maneno ya lugha mama hata pale hadithi inaposimuliwa kwa Kiswahili, ziachwe katika Kizaramo bila kutafsiriwa. Mtoto wa Mtwara ataziimba bila kuzielewa, kama watoto wa pwani walivyoimba daima nyimbo za ngano zenye maneno ya lugha nyingine.

Jambo moja linabaki gumu. Sauti ya mtu aliyekulia katika lafudhi hiyo ikishazoeleka, nayo itazeeka, na siku moja mwenye sauti hatakuwapo. Hapo watayarishaji wa wakati huo watalazimika kwenda tena Kurui, na huenda wakawakuta vijana ambao wamekwisha kuiacha lafudhi ya bibi zao kwa sababu ya simu na televisheni. Kanda za wazee wanaotamba ngano zikirekodiwa sasa, mwigizaji wa baadaye atakuwa na mahali pa kujifunzia kiimbo ambacho hakuna kamusi inayoweza kukihifadhi.