Dondoo muhimu: Tasbihi mkononi, hata kwa daktari
Kinyarwanda kina neno ihahamuka, lililoenea baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kwa kiwewe kinachomkata mtu pumzi. Wasiwasi, basi, hukaa mwilini pia, na ndiyo maana ibada ya mwili husaidia: maji ya udhu usoni, paji la uso kwenye mkeka, adhkari zinazohesabiwa taratibu hadi pumzi irudi. Anza Alfajiri, kabla honi za pikipiki hazijaamka mtaani Nyamirambo, Kigali. Wapo wasemao anayekwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera kapungukiwa imani. Hoja hiyo haisimami: Mtume (s.a.w.) alihimiza waja watafute tiba, na alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Usingizi ukikukimbia wiki mbili, nenda hospitali. Tasbihi nenda nayo.